Vita vya Majimaji Visomwe kwa Sauti Songea

Kila mwaka inapokaribia tarehe 27 Februari, viwanja vya Makumbusho ya Majimaji mjini Songea hujaa watu. Vikundi vya ngoma ya lizombe hucheza, wazee wa Kingoni huvaa mavazi ya vita na kushika ngao, mashada huwekwa kwenye kaburi la pamoja, viongozi huhutubia, na wanafunzi wa shule za mjini husimama kwa mistari hadi miguu inawauma. Ni siku kubwa na inastahili. Tarehe hiyo mwaka 1906, katika vita vya Majimaji vya kuupinga utawala wa Kijerumani, Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Kingoni. Hesabu inayotajwa kila mwaka ni watu 67. Nduna Songea Mbano, jemadari ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baada ya wenzake na akazikwa peke yake.

Sherehe ikiisha, viti vinarudishwa kwenye malori na turubai zinafungwa. Mpaka Februari nyingine, wanaopita pale ni mabasi ya shule, watalii wachache na mtafiti mmoja mmoja mwenye barua ya utambulisho. Mkazi wa Lizaboni au Bombambili hana sababu ya kuingia. Ameshaoneshwa zile sanamu za machifu alipokuwa darasa la tano, na hakuna jipya analoambiwa.

Hilo linaniuma kwa sababu makumbusho haya hayakuletwa na wizara. Wananchi wa Songea ndio walioyaanzisha mwaka 1980, na yalibaki mikononi mwao hadi Makumbusho ya Taifa yalipoyachukua mwaka 2009. Kuchukuliwa huko kulileta wataalamu, ulinzi na mishahara ya watumishi, na sina ugomvi nako. Ila kulimhamisha mwananchi kutoka kiti cha mwenyeji hadi kiti cha mgeni wa siku ya sherehe.

Ninachodai ni kidogo kwa gharama na kikubwa kwa maana: makumbusho yawe na kikundi cha kusoma historia, kinachokutana kila mwezi, mlango wazi kwa yeyote. Nasema kusoma kwa maana ya kawaida kabisa. Watu wamekaa, maandishi yamefunguliwa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamkatiza. Sisemi semina, wala mhadhara wa profesa kutoka Dar es Salaam, ingawa profesa akija akae na wengine asikilize. Kwa vita vya Majimaji kikao cha namna hii kina utajiri ambao miji mingi haina, kwa kuwa maandishi yapo, mengi yake kwa Kiswahili, na hayakubaliani.

Tuanze na utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mwalimu wa Lindi, alitunga utenzi wa vita hivi wakati walioviona bado walikuwa hai. Ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikautoa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Hebu fikiria safari hiyo. Shairi la Kiswahili, kuhusu vita vya kusini, la mtu wa kusini, linajulikana kwa wataalamu wa Hamburg na London kuliko kwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya Namtumbo. Na utenzi haukutungwa usomwe kimyakimya na mtu mmoja chini ya taa. Ubeti una mishororo minne, mizani minane minane, na kina cha mwisho kinarudi kila ubeti kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mghani asipotee na msikilizaji ajue ubeti umefika. Ukighaniwa mbele ya watu, hata asiyejua kusoma anaushika.

Tena mtunzi ana upande. Ni Mwislamu wa pwani, msomi, mtu wa mji, na vita anaviona akiwa Lindi. Namna anavyowatazama watu wa bara walioyanywa yale maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, si namna mjukuu wa mpiganaji wa Kingoni atakavyotaka babu yake atazamwe. Nadhani wapo watakaokasirika. Hasira hiyo ni mali. Mtu akishasema "hapana, kwetu haikuwa hivyo", ameanza kufanya kazi ya historia, na wajibu wa makumbusho ni kuwa na mtu wa kuandika anachosema baada ya hapo.

Kisha ipo tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969. Hii ndiyo inayojulikana, maana imesomwa shuleni vizazi na vizazi. Tatizo ni kwamba imejulikana mno. Aliyemaliza kidato cha nne akiulizwa habari za Majimaji atakusimulia jukwaa: mto, pepo, kiongozi aliyekataa kuikana kauli yake hata mbele ya kitanzi. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji hayo, aliyenyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Lakini nani husoma utangulizi? Mwanafunzi anaruka moja kwa moja hadi onyesho la kwanza kwa sababu mtihani hauulizi utangulizi. Kikundi cha wasomaji wazima, wasio na mtihani, kinaweza kukaa saa nzima juu ya zile kurasa chache za mwanzo: kwa nini msanii alihitaji Kinjikitile mwingine? Taifa lililokuwa na miaka minane tu ya uhuru lilitaka kusikia nini? Mimi naiona tamthilia hii kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa tulizo nazo, na kwa sababu hiyohiyo sitaki ifanywe kitabu cha historia.

Akiba ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia idara ya historia, kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji kutoka kwa wazee. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele katika kazi ile. Walipita Umatumbi, Ungindo, Ungoni na kwingineko, na waliongea na watu waliokuwa watoto au vijana vita vilipopiganwa. Kutokana na kazi hiyo, wanafunzi wawili, Mapunda na Mpangara, waliandika kijitabu juu ya vita katika Ungoni, kilichotoka mwaka 1969. Kwa Kiingereza.

Hebu tulitazame hili kwa karibu. Bibi mmoja wa kijiji fulani, mwaka 1968, anaketi kwenye mkeka na kumsimulia kijana wa chuo jinsi mama yake alivyomficha porini. Kijana anaandika. Daftari linakwenda Dar es Salaam, linapigwa taipu, linawekwa jalada, linatajwa chini ya ukurasa katika vitabu vilivyochapwa Ulaya na Marekani. Wajukuu wa bibi yule leo wana umri wa miaka sitini. Wengi wao hawajui kwamba maneno ya bibi yao yameandikwa popote. Sioni kazi ya kwanza iliyo bora kwa kikundi cha kusoma kuliko hii: kuomba nakala za mahojiano ya Ungoni, kutoa kopi pale steshenari, na kuyasoma mbele ya watu wa vijiji yalikotoka. Hakuna leseni ya kimataifa inayohitajika, wala fedha za mfadhili. Ni barua mbili, nauli na karatasi.

Na hapo ndipo kitabu cha shule kitaanza kuyumba. Tumefundishwa wote kwamba Majimaji yalisababishwa na pamba. Kwa Umatumbi ni kweli: mwezi wa Julai 1905, kule Nandete, watu waling'oa miche ya pamba ya shamba la serikali, na hiyo ilikuwa sawa na kutangaza vita. Lakini Ungoni hapakuwa Umatumbi. Wangoni walikuwa na dola mbili, Njelu ya Nkosi Mputa Gama na Mshope ya Nkosi Chabruma, na machungu yao yalikuwa na sura yake. Mwaka 1897 Wajerumani walipojenga boma Songea, walianza kwa kuwakamata na kuwadhalilisha wakubwa wa Kingoni. Baadaye ikaja kodi, na mamlaka ya watawala juu ya watu wao yakamomonyoka. Wamisionari wa Kibenediktini walikuwa wamefika Peramiho tangu 1898, na mmoja wao akachoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali alipowaomba wahenga wake. Kwa mtawala wa Kingoni tendo hilo lilikuwa zito kuliko shamba la pamba. Vita vilipowaka, misheni ya Peramiho nayo ikachomwa moto.

Mtoto wa Songea anapojibu "pamba" kwenye mtihani anapata alama, na hiyo ni sawa. Ila akija makumbusho ya mji wake anapaswa kukuta jibu la kwao likijadiliwa na watu wa kwao, pamoja na ugumu wake wote. Ugumu huo ni pamoja na kwamba usiku wa kuamkia kunyongwa, wengi wa waliohukumiwa walibatizwa na padri wa Kibenediktini. Familia nyingi za Songea ni Wakatoliki wazuri na ni wajukuu wa waliopigana. Wanaishi na mambo hayo mawili kila Jumapili. Nani amewahi kuwapa nafasi ya kuyazungumza kwa utulivu, bila kipaza sauti?

Wapo pia wasioonekana kwenye sanamu. Maji yaliingia Ungoni kupitia kwa Kinjala, mjumbe aliyetoka Ungindo, na aliyempokea kule Kitanda alikuwa mwanamke, Mkomanile, kiongozi wa eneo lake. Naye alinyongwa. Hutajwa, ndiyo, kwa kawaida katika sentensi moja inayosema alikuwa mwanamke pekee. Sentensi hiyo imeridhika mapema mno. Aliongoza kwa mamlaka gani katika jamii ambayo manduna wake wengine wote tunaowakumbuka ni wanaume? Kwa nini aliyaamini maji kabla ya wakubwa wake? Watu wa Kitanda wanasemaje juu yake? Haya hayajibiwi na kibao chenye maelezo ya mistari sita.

Njaa nayo haina sanamu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Gwassa, baada ya utafiti wake, alifikisha makisio hadi kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Walikufa baada ya maghala kuchomwa, mazao kuharibiwa na mbegu kukosekana, kwa kuwa makamanda waliona njaa ndiyo itakayowapigisha watu magoti. Kumbukumbu ya njaa hukaa zaidi kwa wanawake: mizizi gani ililiwa, nani aliuzwa au kutolewa apate chakula, mtoto gani aliachwa njiani. Simulizi za aina hiyo hazisemwi mbele ya mkuu wa mkoa siku ya mashada. Husemwa watu wachache wakiwa wameketi, mmoja akiwa amesoma kitu kinachofanana na alichosimuliwa na bibi yake, na mwingine akasema, "Hata kwetu."

La mwisho katika orodha ya yasiyosemwa ni gumu kuliko yote. Wangoni wenyewe walifika kusini mwa Tanzania katika karne ya 19, kutoka mbali sana kusini mwa Afrika, kwa mikuki. Wandendeule, Wamatengo na wengine walishindwa, wakatozwa, na wengi wakaingizwa katika jeshi na nyumba za washindi. Waliopigana na kufa mwaka 1905 na 1906 walikuwemo wao pia. Kila mtu Ruvuma anajua habari hizi, na kila mtu anazisema kwa utani. Utani ni dawa yetu ya zamani na inafanya kazi. Lakini makumbusho yanayomtukuza chifu peke yake yanamwambia mjukuu wa Mndendeule kwamba historia ya mkoa wake ilifanywa na wengine. Najua atakayesema kwamba kufungua mjadala huu ni kuchochea ukabila. Sikubaliani naye. Kinachochochea ni watu kukutana na madai ya namna hii kwenye simu, vipande vipande, bila mzee wa kuwaambia "subiri kidogo". Chumba chenye wasomaji ishirini wa makabila manne ni mahali salama zaidi kwa mjadala huu.

Nije kwenye yale ambayo watumishi wa makumbusho wataniuliza kwanza. Watanzania hawasomi, wataniambia. Nadhani ukweli ni kwamba Watanzania wengi hawanunui vitabu, na wana sababu: kitabu kizuri ni hela ya unga wa wiki. Kusoma kwa pamoja kunaondoa tatizo hilo kwa sababu kitabu kimoja kinatosha watu ishirini. Tena usomaji wa kwa sauti si mgeni kwetu. Maulidi husomwa hadharani, Biblia husomwa jumuiya ndogondogo kila wiki nyumba kwa nyumba, na gazeti moja la michezo husikilizwa na kijiwe kizima cha bodaboda. Anayeshindwa kusoma herufi ndogo kwa sababu ya macho anasikiliza. Anayekijua Kingoni kuliko Kiswahili aseme kwa Kingoni, na yupo atakayetafsiri.

Msimu ni muhimu kuliko watu wa ofisini wanavyodhani. Februari Songea ni mvua, na mahindi yanadai palizi na mbolea. Ruvuma ni ghala la nchi kwa mahindi, na mkulima hatatelekeza shamba akasikilize tenzi. Mikutano ianze Julai, mavuno yakishaingia, iende hadi Oktoba au Novemba kabla ya mvua. Iwe Jumamosi alasiri, baada ya soko, si Jumatano saa nne asubuhi kama ratiba za miradi zinavyopenda.

Halafu posho. Hili tuliseme waziwazi, maana limeua shughuli nyingi za kijamii kuliko uhaba wa vitabu. Mradi wenye mfadhili ukija, watu wanasaini karatasi, wanapewa bahasha, na siku bahasha inapokoma hakuna anayerudi. Kikundi cha kusoma kianze bila bahasha. Chai, vitumbua, na nauli kwa wazee wanaotoka mbali; hayo ni ya heshima, na ni tofauti na kumlipa mtu asikilize. Watakaokuja watakuwa wachache mwanzoni. Sioni ubaya wowote kwa kikundi cha watu tisa waliokuja kwa kutaka.

Mifano ya Waafrika Mashariki wenzetu ipo. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza hadi 1984. Leo ipo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina maktaba ndani yake, na ua wake hutumiwa na wenyeji kwa mikutano na shughuli za mji. Mtoto wa Lamu anaingia katika ngome ile akitafuta kitabu, na hilo limebadili uhusiano wake na zile kuta. Nairobi, shirika la Book Bunk limefufua maktaba za zamani za Kaloleni na Makadara kwa kushirikiana na wakazi wa mitaa hiyo, na kumbukumbu za mitaa zimekuwa sehemu ya kazi yenyewe. Hapa kwetu, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi kimekuwa kikiziachia jamii mbalimbali siku zao za kuonesha mila, vyakula na ngoma, na waliohudhuria wanajua jinsi watu wanavyojivunia siku hizo. Upungufu ninaouona ni kwamba ngoma inapewa uwanja na maandishi hayapewi kiti. Jamii zetu zinaalikwa kucheza historia yao. Ni nadra zialikwe kuisoma na kuikosoa.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lisingoje. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika makumbusho haya, akazungumza na wazao wa Songea Mbano, na akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Ukoo umekuwa ukisema kwa muda mrefu kwamba kichwa cha babu yao kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na rais yule aliahidi kwamba juhudi zitafanywa kukitafuta. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba katika mafuvu waliyoyachunguza wamewapata ndugu wa damu walio hai nchini Tanzania. Fuvu moja lilitambulikana kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, na kilichowafungulia njia ni kwamba jina lilikuwa limeandikwa juu ya mfupa wenyewe. Vipimo vya vinasaba vilifuata baadaye.

Kwa hiyo majina, karatasi na orodha ndivyo vinavyoamua nani atarudi nyumbani. Upande wa Ujerumani una wataalamu wanaoshinda kwenye majalada kila siku. Upande wetu, nyaraka za utawala wa Kijerumani zipo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na tangu 1997 zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo wanashindwa kuusoma. Familia inayodai mabaki ya mzee wake inaingia kwenye mazungumzo hayo ikiwa na huzuni na simulizi, na mara nyingi haina karatasi. Kikundi cha kusoma hakitamgeuza mkulima wa Mahanje kuwa mtaalamu wa nyaraka. Kitamfanya ajue kipi kimeandikwa, na nani, na kinapingana wapi na alichoambiwa na baba yake. Akikaa mezani na wageni ataweza kuuliza swali la pili, siyo la kwanza tu. Nao wasomi wetu wanaojua Kijerumani, ambao wapo, watapata mahali pa kuleta tafsiri zao zikasikilizwe na wenye wafu wao.

Peramiho iko karibu na mji, mwendo usiofika hata saa moja kwa gari. Kuna abasia, na kuna uchapaji uliotoa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Padri Elzear Ebner, Mbenediktini aliyeishi na Wangoni, aliandika historia yao. Nayo ni kwa Kiingereza na haionekani madukani. Ingekuwa busara makumbusho na abasia kukaa pamoja, si kwa ajili ya picha ya kumbukumbu bali kwa makubaliano ya kazi: nakala za vitabu vyao vya zamani kwa kikundi cha wasomaji, na uchapaji wa bei nafuu kwa yale yatakayotoka katika vikao. Kijitabu cha kurasa arobaini kila mwaka kinatosha. Ndani yake pawe na kilichosomwa na kilichopingwa, na maneno ya wazee kama walivyoyatamka wakiwa wameridhia majina yao yatajwe. Nakala za kwanza ziende vijiji vilivyozungumza, zifuate shule, kisha maktaba ya mkoa, na za mwisho ziwekwe dukani pale getini kwa mgeni atakayetaka kununua. Sauti zilizorekodiwa zibaki na makumbusho, na kila familia ipewe yake kwenye simu siku hiyohiyo, isije ikarudia yaliyompata yule bibi wa 1968.

Kikao cha kwanza kisifanyike mjini. Kifanyike Kitanda, upande wa Namtumbo, alikopokelewa Kinjala, na kiwe juu ya Mkomanile. Kurasa zinazomtaja ni chache na zitasomwa zote kabla chai haijapoa. Muda uliobaki uwe wa watu wa pale. Cha pili kiwe cha utenzi, na atafutwe mghani anayejua kazi yake, wa Lindi ikiwezekana. Cha tatu kiwe cha njaa, na kiongozwe na wanawake. Halafu Februari itakapofika, kamati ya maadhimisho iwape wasomaji hao dakika ishirini kwenye ratiba, kabla ya hotuba, wakati watu bado hawajachoka.